Sifa za Kipakatalishi Chembamba

Watu wa Eastlands hawana choyo cha kusifu. Matatu ya namba 58 ikipita Barabara ya Jogoo kwa kishindo cha muziki kinachotikisa meno ya abiria, husifiwa; matumbo yanayokaangwa jioni kando ya mtaro husifiwa, na anayeyasifu hauoni mtaro; hata mvua inayoacha matope ya Kayole yakifika vifundoni haikosi wa kuitetea, kwamba angalau imelaza vumbi. Lakini kipakatalishi chembamba, kile ambacho ukikitazama ubavuni wadhani ni sahani, sijapata kusikia kikisifiwa kwa insafu. Wauzaji hukisifu, naam, ila sifa ya muuzaji ni bei iliyovaa kanzu. Na wanunuzi hukisifu kwa mwaka mmoja tu, yaani muda wa dhamana, kisha hunyamaza kama mtu aliyeoa kwa haraka. Mimi ninacho huu mwaka wa tatu, dhamana yake imekwisha kufa na matanga yameondolewa, na kwa kuwa sina tena tamaa ya fidia wala hofu ya kuchekwa, nimeona ni wajibu wangu kusimama kuwa wakili wake.

Nasaba yake ni tukufu. Mwaka 1981 ilitoka huko Marekani kompyuta iliyoitwa Osborne 1, ambayo wenyewe waliinadi kuwa ni ya kubebeka, na kweli ilibebeka kwa namna ile ile ambavyo gunia la viazi hubebeka, kwani ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11 na umbo la cherehani iliyofungwa sandukuni. Vizazi vikapita, kila kizazi kikikonda kuliko baba yake, hata ilipofika Januari 2008, mjini San Francisco, Steve Jobs akasimama jukwaani mbele ya kaumu kubwa, akashika bahasha ya kaki, akaifungua taratibu, na kutoa ndani yake kompyuta nzima. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ilikuwa na kilo 1.36, tundu moja tu la USB, betri iliyofungiwa ndani asiweze mwenyewe kuibadili, wala haikuwa na mahali pa kutia sidi. Na bei yake ilikuwa dola 1,799. Kila niikumbukapo habari hiyo huona kwamba dunia ina upendeleo, maana vijana wa Maringo na Jericho wamekuwa wakibeba bahasha za kaki tangu zama za baba zao, wakienda kwa miguu kubisha milango ya viwanda, wakitoa ndani yake vyeti vya umri wao mzima, na sijasikia bawabu hata mmoja aliyewapigia makofi.

Kabla ya hiki nilikuwa na kingine, cheusi, kinene, kilichofanya kazi katika ofisi fulani ya Uingereza kabla ya kuletwa kwetu, kama yalivyotangulia kuvaliwa huko mashati mengi tunayoyagombea Gikomba. Kilikuwa na matundu pande zote mithili ya nyumba ya njiwa. Betri yake ilichomoka kwa kubonyeza kidole, nami nilikuwa na mbili, moja ikifanya kazi na moja ikipumzika. Na kikianguka chini, watu waliuliza kwanza habari za sakafu. Basi nikaingiwa na ghururi. Nikajiambia kwamba mgongo unaniuma, ilhali kilichoniuma hasa ni kuona vijana kwenye semina wakifungua vyao kama watu wafunguao barua. Nikamwuzia jirani yangu kile kinene kwa shilingi 9,000. Naye ni mzee aliyestaafu kazi ya ukarani katika reli, na katibu wa chama chetu cha kuzikana. Alikipakata kama mtoto aliyetoka safari, akasema, "Mwalimu, hiki kina mwili. Umeniuzia mtu." Nikamcheka moyoni.

Hiki chembamba kilianza kunifaa siku ile ile nilipokileta nyumbani, kwa kunizidishia imani. Kile cha zamani kikiwa mkobani, bega lilitoa ushahidi kila hatua, na mtu hahitaji kuamini jambo ambalo linamkata bega; lakini hiki hakina ushahidi wowote. Kutoka mjini hadi Buruburu nilikuwa nikiufungua mkoba wangu mara tatu, mara moja penye mzunguko wa Muthurwa, ambako mikono huingia madirishani bila ya kubisha hodi, mara ya pili City Stadium, na mara ya tatu pale makanga anapodai nauli, ili nihakikishe kwamba bado ninacho. Na kila nilipokiona nilifurahi kama kwamba nimepewa upya. Ni mali gani nyingine ambayo mtu huipokea mara tatu kwa safari moja? Baadaye nikajifunza kukificha ndani ya gazeti la Taifa Leo, kikatoshea humo sawasawa, nikawa nasafiri salama salimini, ila siku moja nusura nimpe abiria mwenzangu aliyeomba kutazama habari za mpira.

Hata hivyo uzito ni jambo la mizani, si la maneno, na kwa kuwa mteteaji mwema hahofu ushahidi, Jumamosi moja nikakipeleka bucha. Mchinjaji wetu ni mtu wa hekima; alikitazama, akatandika karatasi juu ya mizani yake, akakiweka, akasema, "Mwalimu, huyu mbuzi hana hata mbavu." Gramu 920. Wateja wawili waliokuwa wakingoja maini wakakishika kwa zamu, wakakubaliana kwamba ni ajabu. Nikajaa fahari, na fahari ikaniponza, maana mchinjaji akauliza kama hicho ndicho chote nikibebacho. Sikuweza kusema uongo mbele ya mizani. Nikatoa chaja. Nikatoa adapta yenye matundu saba, kwa sababu chenyewe kina moja. Nikatoa diski ya nje, kwa sababu ghala yake ya ndani ni ndogo na haiongezeki. Kifaa cha kusomea sidi, kwa sababu kumbukumbu za shule yetu zimo humo. Kipanya pamoja na waya wake. Betri ya akiba, nzito kama tofali la sabuni. Na kasha gumu la kukikinga, kwa kuwa wembamba wake hauvumilii kiwiko cha mtu ndani ya matatu. Yote hayo yakawa kilo 2.3. Mchinjaji akajumlisha kwa kalamu aliyoitoa nyuma ya sikio, akatazama hesabu, akanitazama mimi, akasema kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba, "Nyama ni robo na kidogo, Mwalimu. Iliyobaki yote mifupa. Ningekuuzia mimi hivi, ungerudi kunigombeza."

Kile kinene, pamoja na chaja yake, kilikuwa kilo 3 kamili. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Uzito wa zamani ulikuwa donge moja la kidhalimu lililokaa begani. Huu mpya umegawanywa ukawa msafara, huyu amebeba hiki na yule kile, na nani asiyejua kwamba msafara una haiba kuliko mzigo?

Tundu lile moja ndilo fadhila yake kuu, na huenda mtu wa mitaa mingine ya Nairobi asiione. Serikali ya kikoloni ilipojenga mitaa ya zamani ya Eastlands, Shauri Moyo, Ziwani, Bahati na mingineyo, aghalabu ilimkadiria mpangaji kuwa ni mwanamume mmoja, kibarua, asiye na mke wala mtoto wala mgeni, ambaye haja yake ni mahali pa kulaza ubavu hadi alfajiri; kwa hiyo akapewa chumba, na kilichozidi chumba, kama mfereji na choo, kikawekwa nje, akitumie pamoja na wenzake. Aliyekichora kipakatalishi changu alisoma kwa wachoraji wale, ijapokuwa hakupata kusikia majina yao. Naye alimkadiria mtu mmoja, asiye na nyaraka za zamani, asiyeletewa picha za arusi na shangazi kwa kidude cha USB, asiyeitwa ukumbini kuonyesha jambo ukutani, anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki na mtandao hushuka kutoka mbinguni kama mana. Mtu huyo simjui. Kama yupo, hakai upande huu wa mto.

Ila sisi watu wa Eastlands tumekwisha kuishi katika mawazo finyu ya watu wengine, na tunajua la kufanya. Buruburu ilipoanza kujengwa katika miaka ya 1970, kwa awamu tano, kila nyumba ilikuwa na ukubwa wake uliopimwa, ua wake na staha yake. Leo tembea humo uone jinsi wenyeji walivyoongeza, wenyewe husema eksitensheni, huyu duka, yule saluni, na mwingine vyumba vya kupangisha vilivyopanda juu ya kibanda cha kuku, hadi nyumba ya asili imebaki katikati kama kokwa ndani ya embe. Adapta yangu si kitu kingine. Nilipoichomeka mara ya kwanza, ikaning'inia ubavuni mwa kile chombo latifu kama kibanda cha M-Pesa mbele ya nyumba ya vigae, nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba kipakatalishi kile kimekuwa mwenyeji.

Tena chanifundisha kinaa. Kilipoanza kusinzia kwa kazi nikakipeleka kwa fundi mmoja mjini, nikataka akiongezee kumbukumbu, kama tulivyokuwa tukikifanyia kile kinene kwa shilingi chache na bisibisi moja. Fundi akakifungua, akachungulia muda mrefu, akakifunika tena kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "hapa kila kitu kimelehemiwa kwenye ubao, na betri imebandikwa kwa gundi. Hiki hakitengenezwi, hiki hubembelezwa." Basi tangu siku ile nimeacha tamaa. Riziki ya kumbukumbu kiliyozaliwa nayo ndiyo kitakayozikwa nayo, nami nikijitazama naona kwamba hata mimi niliumbwa hivyo hivyo.

Joto lake nalo ni neema ya msimu. Hakina feni, kwa kuwa feni ina unene. Kinapopata moto hupunguza mwendo chenyewe kwa busara, kama mzee anayepanda ngazi, na katika baridi ya Julai mapaja yangu hayajapata jiko la makaa lisilo na moshi kama hilo. Ama vibonyezo, hivyo ni bahari peke yake. Ipo kampuni, Apple, ambayo kuanzia mwaka 2015 ilitia katika vipakatalishi vyake vibonyezo vifupi mno vilivyoitwa vya kipepeo, hata wateja wakalalamika kwamba chembe ya vumbi au ya mkate hutosha kukinyamazisha kimoja. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 50 kuimaliza, bila ya kukiri kosa. Changu si cha nasaba hiyo, lakini nacho hakipendi maandazi. Kwa sababu hiyo nimeacha kula mezani pangu, na mke wangu, ambaye kwa miaka 19 aliniomba jambo hilo kwa maneno, anastaajabia uwezo wa chembe moja ya sukari.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, nilikuwa na ripoti ya shule ya kumaliza. Betri ya chombo kile, nyembamba kama mwenyewe, ilinipa dakika 40, ikaniaga. Nikatoka nje. Majirani wote walikuwa nje, wengine kwenye viti, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, na nyota ambazo taa za barabarani huzificha zilikuwa zimejaa juu ya Umoja hadi Dandora. Tukazungumza mpaka saa saba. Ni yule mzee wa reli peke yake aliyechelewa kutokea, kwa kuwa betri yake ya kwanza ilipokwisha alitia ya pili. Nilimhurumia.

Na adapta ile imekuwa kama mfereji wa Ziwani, si yangu tena. Binti wa jirani huiazima kwa masomo yake. Kanisa huiazima Jumapili kwa ajili ya kuonyesha nyimbo ukutani. Kijana wa saluni aliichukua siku mbili na ikarudi imevaa mkanda wa gundi, tena wa rangi nzuri. Watu ambao kwa miaka sita tulisalimiana kwa kupungiana mikono sasa huingia ndani, huketi, hunywa chai, huuliza habari za mama yangu, na ndipo mwishoni husema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Mwalimu, kile kidude kipo?" Kile kinene, kwa kujitosheleza kwake, hakikuniletea mgeni hata mmoja.

Wiki tatu zilizopita tundu likalegea. Kwa kuwa ni hilo hilo moja la chaja, la adapta na la kila kitu, chombo kikazimika kwa utulivu, bila ya kelele wala lawama, kikalala juu ya meza kama barua ambayo hakuna wa kuifungua. Fundi amesema kipuri kitakuja na mzigo. Hakusema mzigo gani. Adapta yenyewe haina hasara, iko Umoja kwa mtu ambaye sijapata kumwona.

Sifa hizi nimeziandika nyumbani kwa mzee, mlango wa tatu kutoka kwangu, juu ya kile kinene cheusi, ambacho herufi za vibonyezo vyake zimefutika lakini vidole vyangu bado vinazikumbuka. Mzee ameketi upande wa pili wa meza, betri ya akiba mkononi, akinitazama juu ya miwani. Ameuliza mara mbili kama nimekaribia kumaliza, kwa sababu kumbukumbu za mkutano wa chama zinatakiwa kesho, na ameuliza pia ninaandika nini. Nimemwambia ninakisifu kile changu. "Basi kisifu upesi, Mwalimu," amesema, "nami nipate nafasi."