Tundu la Kumi na Sita

Jumapili ile sebule ya Tabata ilikuwa imejaa. Wazazi wa bwana harusi kochi kubwa, wazazi wa bibi harusi wakitazamana nao, kamati nzima kwenye viti vya plastiki vya kuazima, na runinga ya inchi 65 ukutani ikisubiri. Ilikuwa siku ya kupitisha video kabla haijafungwa, kila upande ukiwa na mtu wake wa kuondolewa na mtu wake wa kuongezwa. Mhariri wa video akawasha mashine. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi meupe yakaanza kupanda mbiombio, mamia ya mistari isiyosomeka.

"Hayo ndiyo majina ya waliochanga?" akauliza shangazi wa bwana harusi. "Mbona langu sijaliona?"

Watu wakacheka. Mhariri naye akacheka, maana bado alikuwa na cha kuchekea. Maandishi yakaisha, ikatokea picha ya milima na kisanduku cha kuandikia neno la siri. Akaandika. Kimya. Akaandika tena, safari hii akibonyeza kwa nguvu. Akashika kipanya, mshale umeganda palepale katikati ya kioo.

"Umesahau namba ya siri, mwanangu?" shangazi akauliza kwa huruma, na huruma ndiyo iliyochoma. Baba wa bibi harusi akanong'ona, kwa sauti iliyofika hadi barazani, kwamba nyumba ya tatu kuna kijana anajua kompyuta, si aitwe? Mhariri, aliyeshajua kilichotokea, ikabidi apige magoti, ainame, atambae nyuma ya kabati la runinga, huku akiwaelekezea wakwe wa pande zote mbili sehemu ya mwili ambayo wakwe hawaelekezewi, akapapasa gizani kutafuta tundu jingine la USB.

Kibodi ilikuwa nzima. Kipanya kizima. Msaidizi aliyefunga nyaya alifanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: kaona tundu, kachomeka. Ila alichomeka kwenye tundu la kumi na sita.

Kwa nje mashine ile ni kompyuta ya kuunga tu, yenye vipuri vya Kariakoo: madabodi ya chipseti ya Z390, prosesa ya Core i7 ya kizazi cha 8, ramu ya GB 32, kadi ya grafiki ya Radeon RX 580. Ndani yake, badala ya Windows, inaendesha macOS, mfumo ambao Apple huutoa kwa kompyuta zake peke yake. Mashine za namna hii huitwa Hackintosh. Ziliwezekana baada ya Steve Jobs kutangaza, Juni 2005, kwamba Mac zinahamia kwenye prosesa za Intel. Mac za kwanza za Intel zilipotoka Januari 2006, chuma kilichomo ndani kilikuwa cha ukoo mmoja na kile cha PC za mtaani, na watu wakaanza kuuliza swali ambalo Apple haikutaka liulizwe.

Kilichomfikisha mhariri wetu huko ni Final Cut Pro. Programu hiyo ilianza kuundwa Macromedia, Apple ikainunua mwaka 1998, ikaizindua 1999, na haijawahi kutolewa kwa Windows. Tangu 2011 inauzwa dola 299.99, bei ambayo mpiga harusi anayejituma anaimudu. Kasheshe ni kununua boksi la kuiendeshea.

Turudi kwenye tundu, maana jambo hili linastahili muda wake.

Tundu la USB 3, lile lenye ulimi wa bluu, kwa kweli ni mawili. Ukilimulika kwa tochi ya simu utaona vipande vinne vya shaba, vilevile vilivyokuwapo tangu USB ya kwanza ya 1996, na vitano vingine vidogo. Kibodi ikichomekwa hugusa vile vinne tu na kupita njia ya zamani, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Diski ya kisasa hugusa na vile vitano, ikapita njia mpya ya gigabiti 5. Ni chumba kimoja chenye wapangaji wawili wasiojuana, kila mtu na mita yake ya umeme.

Sasa macOS huhesabu wapangaji, haihesabu vyumba. Na tangu toleo la El Capitan la 2015, kila kidhibiti cha USB kinaruhusiwa wapangaji 15, basi. Kwa nini 15? Mafundi hueleza kwamba mfumo unapoandika anwani ya kifaa, nafasi ya tundu hupewa tarakimu moja tu ya hesabu za kumi na sita, kuanzia 1 hadi F, na F ni 15. Mac yenyewe haisumbuki, kwa kuwa Apple ni mabahili wa matundu. Madabodi ya Z390 ni mkarimu: ina nafasi 26. Kumi na nne za njia ya zamani, kumi za njia mpya, na mbili ambazo mnunuzi hazioni kabisa. Ishirini na sita kwa kumi na tano. Kumi na moja lazima zizikwe.

Kulikuwa na kiraka cha kuuondoa ukomo huo, watu wakaishi kwa amani. Kuanzia toleo la 11.3 la macOS, mwaka 2021, kiraka kikaacha kufaa. Mhariri alikaa na mfumo wake wa zamani bila kugusa kitu, hadi mwenzake wa studio nyingine alipomletea harusi iliyohifadhiwa kwa Final Cut mpya zaidi. Final Cut ya zamani haifungui kazi ya Final Cut mpya. Akapanda toleo, na kwa kupanda akalazimika kuchora ramani.

Ramani huchorwa kwa flashi mbili, moja ya USB 2 na moja ya USB 3. Unachomeka ya kwanza tundu moja, unatazama kwenye kioo ni jina gani limewaka, HS04 au HS11. Unaitoa, unachomeka ya pili, unaona SS04. Unaandika kwenye karatasi, unahamia tundu la jirani. Unazunguka kasha zima, mbele, juu, nyuma, shingo upande, kalamu mdomoni. Katikati ya kazi mhariri akagundua kwamba Bluetooth, isiyo na tundu wala ulimi, imeunganishwa na USB chini kwa chini, nayo inadai nafasi yake kamili. Ikabidi aitishe bajeti. Matundu matano ya bluu: nafasi 10. Manne meusi: nafasi 4. Bluetooth: 1. Yaliyobaki yakakosa uraia.

Ujanja wa tundu lisilo na uraia ni kwamba halionekani kuwa limekufa. Umeme linao. Mashine inapowaka, kabla mfumo haujashika usukani, kibodi iliyochomekwa humo inafanya kazi vizuri kabisa. Hufa pale macOS inapoingia, na kitu cha kwanza ambacho macOS inakuomba ni neno la siri.

Baada ya Tabata, mhariri alinunua tepu nyeusi ya mafundi umeme, akayaziba matundu matatu.

Hayo ni ya USB peke yake. Ili macOS ikubali kuwaka, lazima kwanza iaminishwe kwamba iko nyumbani. Kazi hiyo hufanywa na OpenCore, programu ya kuwashia iliyoandikwa na watu wanaojitolea, na iliyoanza kuenea mwaka 2019. Huutangulia mfumo na kuuambia kwamba mashine hii ni iMac ya 2019. Inahitajika pia namba ya utambulisho, na hapo pana kizungumkuti: namba lazima ifuate utaratibu wa Apple herufi kwa herufi, lakini isiwe ya kompyuta ya mtu. Unaibuni, unaipeleka kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua dhamana, na unaomba Mungu ukurasa ukatae. Mhariri alipoambiwa namba yake haitambuliki, alishangilia peke yake saa nane za usiku.

Kuna na kile kichipu kinachosimamia feni na joto kwenye Mac za Intel. Mfumo hukiuliza ufunguo, na ufunguo wenyewe ni maneno ya Kiingereza yanayomsihi msomaji asiibe kazi iliyotolewa jasho. OpenCore ikisaidiwa na programu nyingine hukijibia kichipu ambacho hakipo. Maneno yale ya kusihi husemwa kila mashine inapowaka, na anayeyasema ndiye anayesihiwa.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya Nvidia. MacOS Mojave ya 2018 haikuwa na dereva wake, ikauzwa kwa hasara, ikanunuliwa RX 580 iliyotumika, iliyoonyesha dalili zote za kuchimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku. Wi-Fi ilikata roho kwenye toleo la Sonoma, Apple ilipoziacha kadi za zamani za Broadcom. Sauti ikatokea tundu la maikrofoni. Kulala, mashine ililala, kuamka ikakataa.

Kisha kuna hesabu isiyochekesha. Mwaka 2013 Apple ilitoa Mac Pro ya silinda nyeusi kwa dola 2,999, na mwaka 2017 ikakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo lile liliwabana wenyewe kwa upande wa joto. Iliyofuata, ya 2019, ilianzia dola 5,999 ikiwa na hifadhi ya GB 256, ambayo harusi ya kamera tatu huimaliza kabla ya keki kukatwa. Magurudumu yake, dola 400. Kioo cha kuandamana nayo, dola 4,999, na kisimamio cha kioo hicho, chuma kitupu, dola 999 mbali. Hizo zilikuwa bei za Marekani, kabla ya usafiri na kodi, na Apple haina duka lake yenyewe hata moja Afrika nzima.

Mhariri hasemi vitu vitolewe bure. Anachosema ni kwamba prosesa ya iMac ya 2019 ilitoka Intel na kadi yake ikatoka AMD, kulekule zilikotoka za kwake. Kinachowatenganisha ni kifungu cha mkataba ambao kila mtu huukubali bila kuusoma: mfumo uwekwe kwenye kompyuta yenye chapa ya Apple tu. Wapo waliobandika stika ya tufaha kwenye kasha wakadai wametimiza sharti. Psystar, kampuni ya Florida iliyoanza 2008 kuuza mashine za aina hii kuanzia dola 399, ilishtakiwa mwaka huohuo na kushindwa 2009, rufaa nayo ikagonga mwamba 2011.

Wenzake humuuliza kwa nini asihamie DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure na inakubali Windows. Hawajibu vizuri siku hizi. Harusi zake zote za miaka iliyopita zimo ndani ya Final Cut, na mama wa bibi harusi wa 2017 bado anaweza kupiga simu kesho asubuhi akitaka mjomba fulani akatwe. Kuhama ni kuzifanya upya. Amefungwa na kazi za mikono yake mwenyewe, na kila mwaka mlinzi wa geti hubadilisha kufuli.

Kufuli la mwisho limeshatangazwa. Apple ilianza kuhamia kwenye chipu zake za M1 mwaka 2020, na Juni 2025 ikasema toleo la Tahoe ndilo la mwisho kwa Mac za Intel. Mac mini yenye chipu ya M4 ilitoka 2024 kwa dola 599 huko Marekani. Mhariri akaweka mashine yake sokoni.

Akaja kijana wa gemu. Akaweka Windows, ikakaa bila ubishi, matundu yote yakiitika. Akaizunguka mashine, akapiga feni kwa kucha, akainama nyuma.

"Haya yaliyozibwa tepu?"

Mhariri akavuta pumzi, akaanza na El Capitan. Akaeleza wapangaji, akaeleza tarakimu F, akabandua tepu na kuchomeka flashi ili kijana aone kwa macho yake. Kijana alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Nimekuelewa, kaka," akasema. "Matundu matatu yana historia. Toa laki."