Barua ya wazi kwa Waziri wa Umeme: jua letu lipo, ruzuku iko wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Rasilimali za Maji na Umeme, Kinshasa.
Nakala: Mfuko Mwinda, Gavana wa Mkoa wa Tshopo, Jua, kwa taarifa.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, komuni ya Kisangani ambayo wageni wako huitazama kutoka upande wa Makiso wanapopiga picha za machweo. Huku hatujambo. Jua linatoka kila siku, haligomi, halidai malimbikizo ya mshahara, wala halijawahi kuomba ordre de mission ndipo lifike Tshopo. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, tunapewa saa 12 za mwanga bure. Saa 12 za giza nazo tunapewa bure.

Nakuandikia kukupongeza. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinatuhakikishia haki ya kupata umeme, nasi tunashuhudia kwamba haki hiyo ipo, imeandikwa kwa herufi nzuri, na mchana inasomeka bila taabu.

Wala hatusahau fadhila. Tunalo bwawa la mto Tshopo, lililoanza kuzalisha umeme miaka ya 1950, megawati zisizofika 20 kwa jiji ambalo tangu hapo halijaacha kuongezeka watu. Mashine zake tatu zimezoea kupokezana kuugua, na sisi tumezoea delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Tunayo pia maporomoko ya Boyoma, ambako maji yanaanguka usiku na mchana bila kuwasha hata balbu moja, na tunao mradi wa bwawa la Wanie-Rukula, ambao umetajwa kwenye hotuba nyingi kiasi kwamba wengine tunaona haya kuuliza umefikia wapi.

Basi Serikali ilipoona maji yanachelewa, iligeukia jua. Ukazaliwa Mfuko Mwinda, chini ya shirika lako la umeme vijijini, ANSER, ili kupunguza bei ya vifaa vya sola kwa kaya zenye kipato kidogo. Tulishangilia kweli. Kipato kidogo ni fani ambayo Tshopo tuna wataalamu wa kutosha, hatuhitaji washauri kutoka nje.

Tukaelezwa kwamba ruzuku hiyo haipiti mikononi mwetu. Inapitia kwa kampuni inayouza vifaa. Busara hiyo naielewa, maana maskini akishika dola anaweza kuishia kununulia muhogo. Tatizo ni kwamba kampuni nayo ina hesabu zake. Inauliza barabara iko wapi, mtandao wa kulipia kwa simu uko wapi, na nani atamaliza malipo ya kila mwezi bila kukimbilia msituni na paneli. Ikishapata majibu inakwenda kule ambako watu wangeweza kununua hata bila ruzuku. Tshopo ndio mkoa mkubwa kuliko yote 26 ya nchi hii, karibu kilomita za mraba 200,000, unaizidi Senegal nzima. Huko Opala, Yahuma na Bafwasende, mvua ikinyesha barabara inabaki kuwa habari ya kusimuliwa, na mtandao hutafutwa kwa kupanda kichuguu. Nani atakwenda huko kuhakiki taa moja? Kwa hiyo kaya inayohitaji ruzuku kuliko zote ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote kuifikia na kuihesabu. Na isiyohesabiwa haimo kwenye ripoti.

Ukipata nafasi, vuka uje kwenye gati la mitumbwi la Lubunga. Pana kijana mwenye meza ya mbao, paneli moja juu ya bati na betri ya gari iliyofungwa kwa raba. Mezani kuna simu zimepangwa kwa mistari, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye namba. Wingu likipita, kijana huchomoa za waliokuja mwisho ili za waliotangulia zipate. Mama muuza samaki akifuata yake anaikuta nusu; hagombi, analipa faranga zake, anarudi nyumbani na tochi ya kumwangazia mtoto afanye devuari. Kesho atalipa tena. Ndivyo mlalahoi anavyonunua umeme, kwa simu moja, kwa mshumaa mmoja, kwa betri mbili za tochi, na kila akijumlisha anakuta amelipa ghali kuliko mwenye waya ukutani. Kijana yule hana ruzuku, hana warsha, hana jeep yenye nembo mlangoni. Kwa sasa yeye ndiye Wizara yako hapa Lubunga, na namwombea cheo.

Usidhani Mheshimiwa kwamba tunalia hatujawahi kutengewa fedha. La hasha! Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita, vikiwemo vile vya siku 6 vya Juni 2000 vilivyopiganwa humu mitaani mwetu. Katika fidia hiyo zikachotwa dola milioni 19 za kujengea gereza jipya Kisangani. Septemba 2025, Korti ya Kasasioni ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kuzifuja, ingawa mwenyewe alikana. Mfungwa tukampata kabla ya gereza. Sasa unielewe ninaposema kwamba katika habari ya taa tungependa tuanze na balbu.

Umbali nao si kisingizio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilivuta waya wa kilomita kama 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, umeme ukawapita wanakijiji juu ya vichwa kwenda kwenye shaba. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa mto ni karibu umbali huohuo, na safari hii hakuna waya wa kuvuta. Kinachotakiwa kusafiri ni boksi lenye paneli, balbu tatu na karatasi ya maelezo.

Januari 2025, kwenye mkutano wa nishati wa Afrika kule Dar es Salaam, Serikali iliahidi kuwatoa Wakongo kwenye takriban asilimia 21 ya wenye umeme hadi zaidi ya 60 ifikapo 2030. Ni ahadi kubwa, nami sitaki kuicheka kabla ya wakati wake. Ninaomba karatasi moja tu. Ibandikwe kwenye mlango wa komuni ya Lubunga, na kwenye ofisi ya kila teritwari ya Tshopo, ikionyesha vifaa vingapi vimelipiwa ruzuku, katika kartie gani, kwa bei gani kabla ya ruzuku na bei gani baada yake, na kampuni gani imepokea fedha. Na kazi ya kuhakiki apewe yule kijana wa gatini, kwa malipo. Nyumba zisizo na taa anazijua zote, maana simu zao ziko mezani kwake.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Lubunga