Mpiga Picha za Ndege na Askari wa Uzioni

Kupiga picha za ndege viwanjani ni burudani ya watu wanaosimama kando ya uzio, juani au kwenye baridi, wakisubiri ndege itue ili waipige picha na kuandika namba yake daftarini. Ikishatua, husubiri nyingine. Hawasafiri, hawampokei mtu, wala hawauzi kitu. Matatizo yao yote huanzia hapo, kwa sababu askari wa uwanja wa ndege amefundishwa kumtilia shaka yeyote anayezubaa karibu na uzio bila shughuli, na hawa ndio hasa watu wasio na shughuli.

Kinachotafutwa ni namba ya usajili. Kila ndege ya kiraia ina yake, nayo huanza na alama ya nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9Q Kongo, 9XR Rwanda, A4O Oman. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, unaitaka kila ndege ya safari za kimataifa iwe na alama zake, na kanuni zilizotokana na mkataba huo zinataja mpaka kimo cha herufi: za ubavuni na mkiani zisipungue sentimita 30, za kwenye bawa zisipungue sentimita 50. Namba hiyo, basi, imeandikwa kwa ukubwa ule makusudi ili isomwe na mtu aliye mbali. Kanuni hazikusema huyo msomaji afanywe nini.

Vifaa vya burudani hii, ukivitazama kimoja kimoja, havina ubaya wowote: kamera yenye lenzi ya milimita 400, darubini, redio ndogo ya kunasa mazungumzo ya marubani na waongoza ndege, daftari, chupa ya maji na, kwa wazoefu, ngazi ya kukunja ya kuwawezesha kupiga picha juu ya uzio. Vikikutwa vyote kwa mtu mmoja aliyejibanza vichakani mwishoni mwa njia ya kurukia ndege, vinakuwa kielelezo namba moja hadi namba sita. Redio ina kesi yake peke yake. Uingereza, ambako burudani hii imeota mizizi, kusikiliza mawasiliano hayo bila idhini ni kosa kisheria, ingawa redio zenyewe zinauzwa madukani mchana kweupe.

Vichakani nako hakuendwi kwa kupenda. Jua linatakiwa liwe mgongoni mwa mpiga picha, kwa hiyo asubuhi husimama upande mmoja wa uwanja na jioni upande wa pili. Adhuhuri, joto linalopanda kutoka kwenye lami huzitikisa picha mpaka ndege ionekane inayeyuka. Ndege za pangaboi zina masharti zaidi. Ukipiga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde, mapanga huonekana yamesimama kabisa, na anayeitazama picha hubaki akijiuliza ndege imeshikiliwa na nini angani. Inabidi kasi ishushwe hadi 1/125 au karibu na hapo, ili mapanga yaonekane yakizunguka. Lakini kwa kasi hiyo ndogo, mpiga picha asipoifuatisha ndege kwa kugeuza kiuno taratibu, macho hayabanduki, picha nzima hutoka ukungu. Yeye hapo yumo katika ufundi. Askari aliye mita mia mbili anaona mtu aliyejiegemeza kwenye uzio, akiielekezea ndege inayotua bomba refu jeusi. Huyo si mtu wa kusubiriwa amalize.

Mahojiano yanayofuata hayatofautiani sana kutoka uwanja hadi uwanja:

"Unafanya nini hapa?"

"Napiga picha za ndege, afande."

"Za gazeti gani?"

"Za kwangu tu."

"Unaziuza?"

"Hapana, afande."

"Sasa za nini?"

Swali la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Jibu la kweli ni kwamba ni za kujifurahisha, nalo husikika kama uongo uliotungwa papo hapo. Kadiri mhusika anavyolifafanua ndivyo anavyozidi kujichimbia. Akieleza kwamba ndege hiyo anayo tayari, ila ikiwa na rangi za shirika lililoimiliki zamani, askari humwita mkubwa wake. Akifungua daftari ili kuthibitisha, kurasa zimejaa namba, tarehe na saa kwa mwandiko nadhifu, kazi ambayo jasusi halisi angeona aibu kukutwa nayo. Mkubwa akifika hupoza mambo: "Tatizo si picha, mzee. Tatizo ni kibali." Ofisi ya kwanza inayoulizwa kibali husema kinatolewa na ofisi ya pili, na ofisi ya pili hushangaa kusikia kwamba kuna mtu anakiomba.

Askari naye hajakurupuka. Kenya na Tanzania zina sheria za maeneo yanayolindwa, na katika nchi nyingi ndege za abiria na za jeshi hutumia njia moja ya kurukia, hata lenzi iliyoelekezwa kwa moja ikamnasa na jirani yake. Ule Mkataba wa Chicago unaodai namba zionekane ndio huohuo ambao, katika ibara ya 36, unaruhusu nchi kuzuia kamera ndani ya ndege zinazopita juu ya ardhi yake. Tangu mwanzo, basi, sheria ilitaka ndege ionekane na kamera ifichwe.

Ugumu ni kwamba macho hayana pazia, na siku hizi hata masikio hayana. Ndege nyingi za abiria hutangaza zenyewe kwa redio utambulisho wao, mahali zilipo na mwinuko, na tangu 2006 huduma ya Flightradar24, iliyoanzia Sweden, imekuwa ikiwaonyesha watu safari hizo kwenye ramani. Daftari linaponyang'anywa uzioni, abiria anayekunywa chai ndani ya jengo anaziona namba zilezile kwenye simu yake. Zipo pia siku ambazo picha zinahimizwa. Julai 8, 2018, Boeing 787-8 ya Air Tanzania, 5H-TCG, ilipotua Dar es Salaam, ilipokelewa na Rais John Magufuli mbele ya kamera za kila aina. Aliyetaka kumpiga picha twiga aliyechorwa mkiani siku ile alikuwa mzalendo. Anayekwenda siku nyingine peke yake na lenzi ndefu hujieleza.

Kesi iliyovuma kuliko zote ilitokea Kalamata, kusini mwa Ugiriki. Novemba 2001, miezi miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa kwenye kambi ya jeshi la anga wakiwa na madaftari yao, wakashtakiwa kwa ujasusi. Walikaa mahabusu zaidi ya mwezi kabla ya kupewa dhamana. Aprili 2002 wanane kati yao walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na sita mwaka mmoja wa kifungo cha nje kwa kuwasaidia wenzao. Kibarua kizito cha utetezi kilikuwa kuieleza mahakama, katika nchi ambayo burudani hiyo haikujulikana, kwamba watu wazima wenye akili timamu wanaweza kulipa nauli na kuvuka Ulaya nzima ili wakaandike namba. Novemba 2002 mahakama ya rufaa iliwaachia wote 14. Somo halikusambaa haraka. Februari 2015 Waingereza watatu waliokuwa wakitazama ndege na kuandika namba walikamatwa Fujairah, katika Falme za Kiarabu, wakakaa ndani takriban miezi miwili.

Kinyume chake nacho kimetokea. Januari 2004, mpenzi mmoja wa burudani hii alipiga picha ya Boeing 737 yenye namba N313P katika uwanja wa Palma de Mallorca, Hispania. Baadaye ilibainika kwamba ndege hiyo ilitumiwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kusafirisha watu waliokamatwa kwa siri, akiwemo Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani aliyechukuliwa Skopje mwezi huohuo na kupelekwa Afghanistan kwa kudhaniwa mtu mwingine. Picha na madaftari ya watu wa uzioni yaliwasaidia waandishi wa habari na wachunguzi wa Ulaya kufuatilia safari hizo. Watu walioshtakiwa kwa ujasusi hawakukutwa na siri yoyote. Siri za majasusi wenyewe zilinaswa na watu wasio na shughuli.

Viwanja vingine vimeona heri kupatana nao. Manchester wana bustani maalumu kando ya njia ya kurukia, yenye Concorde iliyostaafu. London, watazamaji hukusanyika kwenye majani ya Myrtle Avenue, karibu na Heathrow, ndege zikishuka juu ya mapaa ya nyumba. Baadhi ya viwanja vya Uingereza vimewaandikisha watu hawa wawe macho ya ziada ya polisi, kwa hesabu rahisi: mtu anayeshinda uzioni kila wiki ndiye wa kwanza kumtambua mgeni. Zürich wana baraza la watazamaji lenye kiingilio, na anayeingia hukaguliwa kwanza.

Pasipo na mpango wa namna hiyo, taratibu ni chache. Asimame mahali pa wazi, barabarani au kwenye maegesho, asijifiche kichakani hata kama jua limekaa vizuri huko. Aulize kabla ya kutoa kamera begini. Ndege za jeshi aziache zipite. Kitambulisho kiwe mfukoni na ngazi nyumbani. Akisafiri, betri za akiba za kamera ziwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Na akiulizwa picha ni za nini, asianze na historia ya usafiri wa anga, aonyeshe picha. Moja iliyonyooka, ya twiga wa mkiani kwenye jua la asubuhi, humaliza mahojiano mapema kuliko maelezo ya nusu saa, na hutokea askari mwenyewe akatoa namba yake ya WhatsApp ili atumiwe.