Anayechekwa Usailini Si Steringi

Msyuuu! Acheni nisonye, wanangu. Kuna kicheko kimoja kimenikaa kooni na leo nakitoa hapa hapa kijiweni. Ni kile tunachomcheka kijana aliyesimama mbele ya majaji kwenye shindano la vipaji, ameshika maikrofoni, sauti ikamkatika. Majaji wanainamia meza kuficha meno, na sisi huku tunagongeana mikono. Kipande hicho kitarudiwa wiki nzima, kitaingia kwenye simu, kitazunguka mtaa mzima. Aliyeimba vizuri siku ile hata jina hatulikumbuki.

Na ni sisi hawa hawa tunaokesha na sizoni za mapambano, roho juu! Tamthilia ya 24 ilianza Marekani mwaka 2001: kila msimu ni siku moja tu, kila kipindi saa moja ya siku hiyo. Steringi wake, Jack Bauer, anapigwa, anateswa, mkewe anauawa mwisho wa msimu wa kwanza, na mtu mzima na ndevu zake anafuta machozi sebuleni. Ikaja Prison Break mwaka 2005. Nani mtaani hakuazima zile CD? Michael Scofield kajichora ramani ya gereza mwilini, kaingia ndani kwa makusudi amtoe kaka yake aliyehukumiwa kifo. Walipomuua mwaka 2009, watu walinuna kama wamefiwa. Mwaka 2017 akarudi, mzima wa afya!

Si ndivyo tunavyosema siku zote, steringi hafi? Hafi kwa sababu damu yake ni rangi na risasi zinazompata ni za kuigiza. Anayeandika hadithi akitaka, anamfufua. Huyu wa usailini hana wa kumfufua. Kesho yake anarudi gereji, sokoni au darasani, na kila anapopita kuna mtu anamwigizia ile sauti iliyokatika. Machozi yetu tumempa mwigizaji anayelipwa kuumia, na kicheko tumempa aliyeumia kweli. Jamani, hiyo ni haki?

Halafu jambo lenyewe lina mpango ndani yake. Chukua American Idol, shindano la uimbaji lililoanza mwaka 2002 na ambalo mengine mengi yameiga mtindo wake. Watu walijaa viwanja kwa maelfu, na majaji wakubwa wasingeweza kuwasikiliza wote. Kwanza walichujwa na watayarishaji. Waliopita walikuwa wazuri sana, pamoja na wachache wabaya sana waliofaa kuchekesha. Maana yake, yule aliyeimba hovyo mbele ya jaji Simon Cowell aliambiwa kabla ya hapo kwamba amefaulu. Alipitishwa mlangoni makusudi, akaaibike ndani. Mwaka 2004 alipita hapo William Hung, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wakamcheka, naye akawajibu kwa adabu kwamba amejitahidi kadiri ya uwezo wake na hana majuto. Mimi namheshimu kijana yule kuliko meza nzima iliyokuwa mbele yake.

Sasa mtaniletea habari ya Susan Boyle. Najua, mnaipenda. Mwaka 2009, mama wa miaka 47 kutoka Scotland anapanda jukwaa la Britain's Got Talent, ukumbi unamkebehi kabla hajafungua kinywa. Anaimba, ukumbi wote unasimama. Kila mtu anasema, ona, usimdharau mtu kwa sura yake. Sawa. Lakini nijibuni hili: angeimba vibaya, ile dharau ingekuwa halali? Mama yule alistahili heshima tangu alipokanyaga jukwaa, aimbe asiimbe. Na fainali alipokuwa wa pili, nyuma ya kundi la wacheza dansi la Diversity, alipelekwa kliniki kwa uchovu. Huyo ni aliyeshangiliwa na dunia! Aliyezomewa je?

Atatokea mmoja hapa aseme ukali unajenga. Kaka, ukali nimeukubali, dhihaka ndiyo naikataa. Jaji akikwambia sauti yako inatoka nje ya muziki, pumzi yako fupi, nenda kajifunze urudi mwakani, huyo amekufundisha. Akikuuliza kwa nini umekuja kumpotezea muda, huyo amejifurahisha. Tena jaji hajui yote, wala sisi wapiga kura. Jennifer Hudson alitolewa American Idol mwaka 2004 akiwa wa saba. Mwaka 2007 alikuwa na tuzo ya Oscar mkononi. Mwimbaji wetu Peter Msechu alipita shindano la Bongo Star Search, akafika fainali ya Tusker Project Fame mwaka 2010, taji hakuchukua, na muziki hakuuacha.

Mimi si adui wa mashindano haya. Kijana asiye na mjomba studio wala nauli ya kuzungukia watayarishaji atasikika wapi? Bongo Star Search ya Madam Rita imefungua njia kwa wengi. Walter Chilambo alishinda mwaka 2012, leo nyimbo zake za Injili zinaimbwa makanisani. Hilo ni jema, na ndiyo sababu nasonya: chombo kizuri hakifai kuwa ungo wa kupepetea watu aibu.

Basi enyi waandaaji, msiyeamini kwamba anaweza kuimba, msimpitishe mlangoni. Mwambieni pale pale, faraghani, kwa lugha ya mzazi. Enyi majaji, semeni kosa na dawa yake. Nasi tulio hapa kijiweni tuna kazi nyepesi kuliko wote: kipande cha kumcheka mtu kikifika kwenye simu yako, usikitume kwa mwingine, kifute. Na yule aliyeimba vizuri, mtafute jina, sikiliza wimbo wake, nenda kwenye onyesho lake ulipe kiingilio. Jack Bauer hahitaji huruma yako. Mtoto wa jirani aliyekwenda usaili anaihitaji.