Jangwa kwa Pointi Nne

Marekani, jengo linalowania LEED, cheti cha ujenzi unaojali mazingira, husahihishwa kama mtihani: pointi 110, na kuvishwa platinamu huanzia 80. Katika toleo la 2009 watahini walikumbuka kwamba Phoenix, Arizona, ni jangwani na Seattle hunyeshewa. Wakaweka pointi za vipaumbele vya eneo, zilizotafutwa kwa msimbo wa posta.

Ngapi? Nne.

Tena zilikuwa bakshishi tu, juu ya pointi ambazo jengo lilikuwa limeshazipata kwingine. Toleo hilohilo lilitoa pointi moja kwa maegesho ya baiskeli yenye bafu la waendeshaji. Kwa hesabu hiyo, kiu yote ya Arizona ilikuwa na nyongeza ya baiskeli nne, na bafu zake (maji yatajulikana hukohuko).