Jinsi ya Kupima Ngao ya Kifaru Ukiwa Mpanda

Vijiwe vya bodaboda Mpanda mjini vina wataalamu wa vifaru. Video ya vita vya Ukraine ikipita kwenye simu, mmoja anatangaza kwamba kifaru kile kina "milimita mia nane", mwenzake anapandisha hadi elfu moja, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Ukitaka kushinda kwa haki, fuata mwongozo huu. Kambi ya jeshi usiisogelee: kupiga picha huko ni kosa, na kwa hesabu hii huhitaji picha.

Anzia kwa seremala. Mwombe kipande cha mninga chenye unene wa inchi mbili, na penseli iliyo sikioni mwake. Kwenye ubavu wa ubao chora mstari ulionyooka toka uso wa juu hadi wa chini: inchi mbili. Chora wa pili, uulaze nyuzi 60 kutoka ule wa kwanza, kisha upime. Inchi nne, na ubao ni uleule. Ndivyo ilivyo mbele ya Type 59, kifaru cha Kichina ambacho JWTZ ilikwenda nacho Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Bamba lake lina takriban milimita 100, limelazwa nyuzi 60 kutoka wima, hivyo kombora linalotoka mbele hukutana na milimita 200. Kwa kikokotoo, gawanya unene kwa kosaini ya pembe hiyo. Shika hapo pa "kutoka wima". Ukipima kutoka ardhini utaingiza 30 kwenye kikokotoo, na jibu litakuwa 115.

Ulalo huo una gharama yake. Bamba lililolala huhitaji urefu zaidi kufunika kimo kilekile, kwa hiyo uzito ni sawa na bamba wima la milimita 200. Ndiyo maana mtu akikutajia unene wa ajabu, muulize kifaru kina tani ngapi.

Swali linalofuata ndilo ninalolipigania kuliko yote: ngao hiyo inazuia nini? Kombora la mwanzo la RPG-7 halitegemei kasi; baruti yake huubana mfuniko wa shaba ukawa mkuki mwembamba unaopenya kama milimita 260 za chuma. Zile 200 za Type 59 hazitoshi, na ndani wamekaa watu wanne.

Sasa chukua T-72, aina ya vifaru 33 vilivyokuwa ndani ya meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 na kufika Mombasa Februari 2009. T-72 za mwanzo zilikuwa na tabaka tatu mbele: chuma milimita 80, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi milimita 105, kisha chuma tena 20, zote zimelazwa nyuzi 68. Kikokotoo kitakupa 547. Usiitangaze kama chuma! Zaidi ya nusu ni kioo, ambacho husaidia zaidi dhidi ya mkuki wa shaba kuliko dhidi ya mshale mzito unaorushwa na mzinga. Kwa hiyo andika namba mbili, moja ya mkuki na moja ya mshale, na kila moja uipe nafasi ya kupanda na kushuka.

Hapa Mpanda kuna atakayeleta hoja ya risasi, madini yaliyofanya reli ijengwe kutoka Kaliua. Ni nzito kuliko chuma, kwa nini isiwe ngao? Mjibu kwamba ni laini mno. Kwenye T-55A risasi iliwekwa kwenye utando wa ndani, ikizuia mionzi ya nyuklia.

Mwisho panda juu. Paa la mnara wa T-54, kifaru ambacho Type 59 kilinakiliwa kwacho, lina milimita 30 hivi. Video ikionyesha droni inashuka kutoka juu, hesabu yako ianzie kwenye hizo 30.