Barua ya wazi kwa walezi wa sifuri yetu

Waheshimiwa wenye dhamana ya michezo Tanzania,

Hongereni kwa msimamo. Tangu Moscow 1980 imepita michezo 11 ya Olimpiki ya majira ya joto, kuanzia Los Angeles 1984 hadi Paris 2024. Tanzania imeshiriki yote, na yote imerudi bila medali hata moja. Mataifa mengine huyumbayumba: leo dhahabu, kesho shaba, keshokutwa hawajulikani walipo. Ninyi hamkuyumba. Awamu za uongozi zimepishana, mfumo wa chama kimoja umeondoka, mawaziri wamekuja na kwenda, sifuri iko palepale. Kila msafara unaporejea tunaelezwa kwamba vijana wamepata uzoefu. Kwa miaka 44 ya kuukusanya, nadhani sasa tunao wa kutosha hata kuwauzia majirani.

Hata hivyo, matokeo haya yakisomwa kwa makini hayasemi kwamba Watanzania hawajui kushindana. Yanaonyesha ninyi mlikuwepo wapi na wapi hamkuwepo. Medali zetu mbili za Moscow zilipatikana ndani ya uwanja: Filbert Bayi alichukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Baada ya hapo sifa zetu kubwa za riadha zikahamia barabarani. Juma Ikangaa alishinda New York 1989. Francis Naali alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Manchester 2002, na Samson Ramadhani akaitwaa tena Melbourne 2006. Christopher Isegwe alipata fedha ya dunia Helsinki 2005. Alphonce Simbu akamaliza wa tano Rio 2016. Wote hao ni wa marathoni. Kwenye Olimpiki ya Tokyo tulipeleka wanariadha watatu, nao wote walikuwa wa marathoni. Sababu haijajificha. Kuogelea kunataka bwawa, judo inataka mkeka, kuruka juu kunataka godoro na kocha anayejua kazi yake. Marathoni inataka barabara, na barabara hujengwa na wizara nyingine. Kwa maneno mengine, tumefanya vizuri zaidi kwenye mchezo unaowahitaji ninyi kidogo zaidi.

Najua mtajitetea. Mtasema hata zile medali za 1980 zilikuwa za mteremko, kwa kuwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilisusia. Ni kweli zilisusia, lakini Miruts Yifter wa Ethiopia alikuwepo, na ndiye aliyempita Nyambui. Tena Bayi hakuanzia Moscow. Mwaka 1974 huko Christchurch aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza kwa kasi ambayo nayo ilikuwa chini ya rekodi ya zamani. Siku ile hakuna aliyesusia. Mtasema pia kwamba Nyambui alinolewa chuoni Texas. Sawa kabisa, na hapo mmenisaidia: kipaji chetu kilihitaji taasisi ya kukilea, kikaipata kwa watu.

Mtasema nchi ni maskini. Burundi ilikuwa vitani mwaka 1996 Vénuste Niyongabo alipoiletea dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta. Uganda, tunayopakana nayo, ilipata dhahabu London 2012 kupitia Stephen Kiprotich, na tangu hapo Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wameongeza nyingine. Umaskini unaweza kueleza kwa nini hatuna medali 20. Hauelezi kwa nini hatupati hata moja. Wala haukuwa umaskini uliosimamisha michezo ya shule kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulikuwa uamuzi wa mezani. Mtoto aliyekuwa darasa la sita wakati huo ndiye aliyepaswa kuwa kwenye umri wa medali kufikia London 2012. Leo mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yamerudi, lakini mshindi hupewa cheti, hupigwa picha, kisha hurudishwa kijijini kusubiri mwakani.

Utetezi wenu wa mwisho ni Simbu, nao una uzito. Septemba 2025 huko Tokyo aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya riadha ya dunia. Baada ya kilomita 42 na ushei, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na ikabidi picha iamue. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Tunampongeza, na jeshi lililompa ajira linastahili shukrani. Lakini dhahabu ile, kwa heshima zote, ni ya marathoni tena. Inathibitisha kwamba mtu mmoja mvumilivu anaweza kufika bila mfumo. Haithibitishi kwamba mfumo upo.

Ombi letu ni dogo. Desturi yenu ni kukabidhi bendera msafara unapokaribia kupanda ndege. Kwa Los Angeles 2028 ikabidhini mapema, ikiambatana na majina ya vijana mnaowalea, makocha wao, uwanja wanaofanyia mazoezi na fedha zilizotengwa kila mwaka. Ziwekeni hadharani ili tuache kuishi kwa maandalizi ya zimamoto. Na ikitokea mmoja wetu ameshinda bila hayo yote, kupitia barabara ileile, tunaomba jambo moja tu: siku anaporudi, msimtangulie mama yake mzazi pale uwanja wa ndege.

Wenu katika kusubiri,
Mlipakodi